Mfumo wa kompyuta ulikufa dukani kwangu ndani ya miezi nane. Kilichonisaidia baadaye ni simu na safu tatu

Muuza Spea, Morogoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki naona humu mtu anauliza kama anunue mfumo wa mauzo kwa ajili ya duka lake, na majibu huwa ya aina mbili. Wauzaji wa mifumo wanasema bila mfumo biashara itakufa. Wazee wa daftari wanasema hayo ni mambo ya wenye supamaketi. Mimi nimepita pande zote mbili, na naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu kuna watu humu wanakaribia kutoa mtaji wao wakanunue kitu ambacho hakitawasaidia, na wengine wanapoteza pesa kila siku kwa kukataa kitu kidogo ambacho wanacho tayari mfukoni.

Nina duka la spea za pikipiki tangu 2016. Biashara hii ina vitu vingi vidogo vidogo: cheni na sproketi, breki shuu, plagi, kebo za klachi, beringi, balbu, indiketa, tairi, tyubu, oili. Halafu kila kimoja kina cha Boxer, cha TVS, cha Haojue, na kina orijino na kina cha kawaida. Siku nilipohesabu vizuri kwa mara ya kwanza nilikuta aina 412 ndani ya chumba kimoja. Zilipo nilikuwa nazijua zote, hata gizani. Zimekaa muda gani, hapo sikuwa na jibu.

Mwaka 2019 nilinunua mfumo: kompyuta, skana, kichapishi cha risiti na programu yenyewe. Jumla shilingi milioni 1.8. Hiyo pesa ilikuwa ya mzigo wa tairi. Walionifungia walikuja siku moja, wakafundisha saa mbili, wakaondoka. Mwezi wa kwanza nilifurahi sana. Kufika mwezi wa nne kompyuta inasema nina breki shuu 14, rafu ina 5. Mwezi wa nane niliizima na kurudi kwenye daftari.

Kwa muda mrefu niliwalaumu vijana wangu wawili wa dukani kwamba wanaiba. Baada ya kukaa na jambo hili naona niliwakosea, na nilishawaomba radhi. Kilichotokea ni hiki. Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu bodaboda wanakuja kwa mkupuo, kila mmoja ana abiria anamsubiri. Kijana hana muda wa kwenda kwenye kompyuta. Anatoa kitu, anapokea pesa, anasema nitaandika baadaye. Tena spea nyingi zinakuja kutoka Kariakoo kwenye mifuko ya nailoni, hazina hata msimbo wa kuskani. Na kitu kimoja tulikiingiza kwa majina matatu, breki shuu ya Boxer, breki ya nyuma BM na viatu vya breki, kila mmoja alivyozoea kukiita. Mfumo ulikuwa mzima. Duka ndilo halikuwa tayari kuupokea, na hakuna aliyetuuliza kabla ya kutuuzia.

Nikarudi kwenye daftari hadi 2021. Mwaka huo ndipo nilipoanza upya kwa simu yangu ya kawaida, kwenye jedwali la Excel, safu tatu tu: kitu, bei niliyonunulia, bei niliyouzia. Sikujaribu kuandika kila kitu. Nilichagua vitu 30 ambavyo nilidhani ndivyo vinauzwa sana. Jioni kabla ya kufunga, dakika ishirini, vijana wananisomea kutoka kwenye karatasi ya mezani, mimi naingiza.

Baada ya miezi mitatu nikaona mambo mawili ambayo miaka mitano ya daftari haikunionyesha. Si kwamba daftari lilikuwa na uongo. Lilikuwa na kila kitu, ila kuliuliza swali ingenichukua usiku mzima wa kujumlisha, kwa hiyo sikuwahi kuliuliza.

La kwanza: oili. Niliamini oili ndiyo inalisha duka kwa sababu inatoka kila siku. Kumbe faida yake kwa chupa ni ndogo mno. Inaleta watu, lakini anayelipa kodi ya fremu, yaani pango la duka, ni cheni, beringi na kebo.

La pili ndilo lililoniuma. Nilikuwa na mzigo uliolala wa zaidi ya shilingi milioni tatu: vioo vya pembeni, kava, taa za mbele za modeli ambazo mjini hapa haziendeshwi tena. Kila nilipokwenda Kariakoo mwenye jumla ananiambia chukua na hivi nakupunguzia, nami nachukua. Milioni tatu zimekaa zinaota vumbi huku mimi nakosa tairi za kuuza mwisho wa mwezi. Nilivitoa vyote kwa bei ya kununulia, vingine chini yake kidogo, na ile pesa nikaiingiza kwenye vitu 60 vinavyotoka kila wiki.

Jambo la tatu halihitaji hata jedwali. Nilitenganisha laini. Zamani wateja walikuwa wananitumia pesa kwenye namba yangu binafsi, ile ile ninayotumia kulipia ada ya watoto, luku na michango ya harusi. Nikachukua lipa namba ya duka, na nikajiwekea mshahara ninaojilipa kila Jumamosi. Kama kuna mtu atafanya jambo moja tu kutoka kwenye uzi huu, naomba liwe hili.

Faida yangu kwa mwezi imepanda, kutoka kama laki sita hadi laki tisa na kitu. Nisiwadanganye, si yote ni simu. Jirani yangu aliyekuwa anauza spea alihama katikati ya kipindi hicho, na pikipiki mjini zimeongezeka. Lakini najua sehemu iliyotokana na ule mzigo uliolala, kwa sababu nimeiandika.

Kwa hiyo kauli yangu ni hii, na mnaruhusiwa kunipinga: teknolojia haiongezi faida kwa kuingia dukani. Inaongeza pale inapokufanya ununue tofauti, ukopeshe tofauti au upange bei tofauti. Kama umeona namba na Jumatatu ukanunua mzigo ule ule kwa mtindo ule ule, umenunua pambo.

---

Kijana wa Fremu, Dar

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka jambo ambalo wote tunaliogopa. Ukiweka kumbukumbu zote kwenye simu, na malipo yote kwenye lipa namba, si umejianika kwa watu wa kodi? Wenye maduka madogo wengi wanakwepa mfumo kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu hawajui faida yake.

---

Muuza Spea (mwanzisha uzi)

Umeuliza swali la msingi, mdogo wangu, na nitalijibu kwa hesabu.

Kwa mfanyabiashara mdogo binafsi Tanzania, kodi ya makadirio inakwenda kwa mauzo ya mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 halipi kodi hiyo. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Piga sasa: umeuza milioni 5, huna vitabu, 100,000. Una vitabu, asilimia 3 ya milioni moja, yaani 30,000.

Panda ngazi ya pili, milioni 7 hadi 11. Bila kumbukumbu ni 250,000. Kwa kumbukumbu ni 90,000 ujumlishe asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Ukiuza milioni 9 inakuwa 150,000. Yaani kuna laki moja inayolipwa kila mwaka na watu wengi kwa sababu tu hawakuandika. Viwango hubadilika kwenye bajeti, kwa hiyo ulizia ofisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ya kwenu kabla ya kupanga, lakini mantiki ndiyo hiyo.

Mimi nimeshavuka milioni 11, nina mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, nalipa asilimia 3.5 ya mauzo. Na hapa kumbukumbu zinanisaidia kwa namna nyingine. Asilimia hiyo inakatwa kwenye mauzo, haiulizi faida. Kitu kinachonipa faida ya asilimia 5 kikikatwa 3.5 kinabaki na 1.5, na hapo sijalipa fremu wala vijana. Nisingejua kiwango cha faida cha kila kitu ningeendelea kujisifu kwa kuuza oili nyingi huku nikijimaliza.

Ninaelewa hofu yako, ninaishi nayo. Lakini asiyejua mauzo yake hana cha kujitetea nacho siku anapokadiriwa zaidi ya anachouza.

---

Mama Nafaka, Nakuru

Hamjambo nyote. Mimi niko Kenya, nauza mahindi, maharagwe na ndengu kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Nimefurahia huu uzi kwa sababu shida yangu haikuwa stoo, ilikuwa chenji.

Asubuhi mteja anakuja na noti ya elfu moja anataka gorogoro moja. Sina chenji. Naacha duka naenda kwa jirani, kwa jirani naye hana, nikirudi mteja ameshaenda. Niliona ni jambo dogo. Baadaye binti yangu alinisomea utafiti uliofanywa na wachumi kwa wafanyabiashara wadogo wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2014. Ulikuta wanapoteza mauzo kwa kukosa chenji, na ile hasara ikikadiriwa ni kama asilimia 5 hadi 8 ya faida yao. Na kilichowasaidia wengi ni kuulizwa tu kila wiki: umepoteza wateja wangapi kwa chenji? Wakianza kuhesabu, wakaanza kubeba chenji ya kutosha.

Mimi nilimaliza hiyo shida kwa Lipa Na M-Pesa, huduma ya kulipia dukani kwa simu. Ilianza 2013, mimi nikaichukua kwa kuchelewa. Sasa mtu analipa shilingi yake kamili, hakuna kutafutana. Na taarifa ya miezi sita niliionyesha kwenye chama chetu cha akiba na mikopo nikapewa mkopo mkubwa kuliko wenzangu.

Lakini nataka nionye akina mama wenzangu. Simu hiyo hiyo inayokuletea malipo inakuletea na mikopo. Nilikopa nikiwa nimesimama dukani, bila kuongea na mtu. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku thelathini. Nikanunua gunia la maharagwe, likakaa wiki sita kwa sababu mavuno ya watu yalikuwa yameingia sokoni. Ada ikala faida yote na sehemu ya mtaji. Nilirudia hivyo mara tatu kabla sijaelewa. Kwa ndengu inayoisha wiki moja hiyo pesa inalipa. Kwa kitu kinachokaa, hapana kabisa.

---

Muuza Spea (mwanzisha uzi)

Mama, shikamoo. Hilo la kitu kinachokaa na mkopo unaokimbia nitalibandika ukutani dukani.

---

Mwanachuo

Wakuu naomba nichangie kidogo kwa sababu hii ndiyo mada ya utafiti wangu wa shahada.

Anachosema mwanzisha uzi kiliwahi kuwasumbua wachumi wakubwa. Mwaka 1987 Robert Solow aliandika kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Kisha mwaka 1990 mwanahistoria wa uchumi Paul David akaeleza kwa mfano wa umeme. Viwanda vya Marekani vilipopata umeme mwishoni mwa karne ya 19, vingi viliondoa injini ya mvuke vikaweka mota moja kubwa mahali pake, vikaacha mikanda na mashine zote kama zilivyokuwa. Tija haikupanda sana. Ilipanda miaka ya 1920, pale kila mashine ilipowekewa mota yake na jengo zima likapangwa upya kufuata mtiririko wa kazi. Miaka kama arobaini ilipita katikati.

Upande mwingine kuna wavuvi wa Kerala, India, waliochunguzwa na Robert Jensen. Simu za mkononi zilipoanza kufika pwani ile kati ya 1997 na 2001, mvuvi aliweza kupiga akiwa bado baharini kuuliza bei kabla ya kuchagua ufuko wa kushushia. Kutupa samaki kwa kukosa wanunuzi kukakoma karibu kabisa, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na mlaji akapata samaki kwa bei nafuu kwa asilimia 4. Pale faida ilikuja haraka kwa sababu habari ya bei iligusa uamuzi mmoja tu: nishushe wapi.

Na kuna wa karibuni zaidi, wajasiriamali 640 wa Kenya waliopewa mshauri wa akili mnemba kupitia WhatsApp. Kwa wastani hakukuwa na tofauti. Lakini ukiwagawa, waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo walipanda, na waliokuwa wanasuasua walishuka.

---

Muuza Spea (mwanzisha uzi)

Mwanachuo, ahsante sana. Huo mfano wa mota ni mimi wa 2019. Niliweka kompyuta juu ya duka lile lile, mpangilio ule ule, asubuhi ile ile ya mkupuo. Ningeanza kwa kubandika majina kwenye rafu na kupanga nani anapokea pesa na nani anatoa mzigo, labda ningekuwa nayo hadi leo.

Hilo la waliosuasua kushuka limenifikirisha. Nadhani ni kwa sababu ushauri wowote unataka ujue ugonjwa wako kwanza. Mtu asiyejua pesa inavujia wapi akiambiwa atangaze zaidi, atatangaza, ataleta wateja wengi zaidi kwenye duka linalovuja.

---

Fundi Mifumo, Arusha

Mimi ndiyo hao wauzaji wa mifumo mnaowasema, na nakubali sehemu kubwa ya lawama. Wengi wetu tunauza, tunafunga, tunaondoka. Nimeshabadilisha utaratibu: simfungii mteja chochote hadi akae na wauzaji wake wakubaliane majina ya bidhaa, jina moja kwa kitu kimoja. Kazi hiyo inachukua siku mbili hadi tatu na wengi wanaikataa, wanaiona ni uvivu wangu.

Niongeze mawili. Kwanza, uliza kama mfumo unafanya kazi bila intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Wateja wangu waliokuwa na mifumo ya mtandaoni pekee walikaa wanatazamana na wateja. Waliokuwa na programu inayohifadhi kwenye simu kwanza na kutuma baadaye hawakusimama. Pili, uliza data zako zitatokaje siku ukitaka kuhama. Kama muuzaji anababaika kujibu, ondoka.

---

Kijana wa Fremu, Dar

Mkuu ile hesabu ya 150,000 na 250,000 nimeipiga mara mbili, nimekaa kimya. Swali la mwisho: ilipokuja tozo ya miamala ulifanyaje? Mimi ndipo nilipoachana na malipo ya simu.

---

Muuza Spea (mwanzisha uzi)

Hata kwangu ilitikisa. Tozo ilianza 15 Julai 2021, shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea kiasi unachotuma au kutoa, na Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Bodaboda wangu wengi waliacha kuweka pesa kwenye simu, wakarudi kwenye noti. Kama kumbukumbu zangu zingekuwa ni zile za simu peke yake ningepoteza picha nzima ya duka. Kilichoniokoa ni ile karatasi ya mezani, inaandika kila kinachotoka, kilipwe vyovyote. Tangu hapo siamini njia ya malipo kuwa ndiyo kumbukumbu. Wateja watabadilisha njia siku yoyote.

Na kwenye malipo ya simu, wafundishe vijana wasitoe kitu kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Watazame simu ya duka, pesa iwe imeingia. Nimepoteza tairi mbili kabla ya kulisimamia hilo.

---

Dada wa Saluni, Dodoma

Samahani kaka zangu, mimi nina saluni ya kike, viti vitatu. Sina stoo ya kusema. Nina simu tu na bando la wiki. Nianzie wapi? Nimesoma yote lakini mengi ni ya wenye bidhaa.

---

Muuza Spea (mwanzisha uzi)

Dada, stoo unayo, ila iko kwenye makopo. Andika kwa wiki mbili tu: kila kichwa, huduma gani, amelipa ngapi, saa ngapi ameingia. Na kila ukifungua kopo la dawa au la stimingi, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Likiisha hesabu limehudumia vichwa vingapi. Usinunue programu yoyote kwanza. Ukimaliza rudi hapa na karatasi yako tuisome pamoja.

---

Dada wa Saluni, Dodoma

Nimerudi. Zimepita siku kumi na sita, niliongeza mbili kwa sababu umeme ulikatika.

Jumanne na Jumatano hadi saa saba mchana nilikuwa na watu wanne tu kwa jumla, wiki zote. Wasichana wangu wawili wanalipwa kwa siku hizo kama za Jumamosi. Ijumaa jioni niliwarudisha wateja saba, nao sikuwahi kuwahesabu.

Kopo la dawa nilikuwa naamini linatosha vichwa nane, na bei yangu niliipanga hivyo tangu nifungue. Makopo matatu nimeyaandika: sita, sita, saba. Leo nimewatumia wateja wangu ujumbe wa WhatsApp, mmoja mmoja, kwamba dawa inapanda elfu mbili kuanzia Jumatatu, na atakayekuja Jumanne au Jumatano asubuhi atalipa bei ya zamani. Hadi sasa watano wamejibu wanataka Jumatano.